Mgonjwa Avukapo Mpaka, Mhudumu Asiachwe Nyuma

Barabara itokayo mji wa Homa Bay hupitia Rodi Kopany, ikaenda kukutana mjini Rongo na ile barabara kuu itokayo Kisii kuelekea Migori hadi mpakani Isebania. Mahali fulani kati ya Rodi na Rongo msafiri hutoka katika kaunti moja akaingia nyingine. Abiria wa matatu huenda asiutambue mpaka huo, kwani lugha ni ile ile, soko ni lile lile, na jamaa wa upande huu wameoa na kuolewa upande ule. Hata hivyo, yuko mtu mmoja ambaye kwake mpaka huo ni ukuta. Mtu huyo ni mtumishi wa kaunti, na hasa yule afanyaye kazi ya ustawi wa jamii na ushauri nasaha katika hospitali zetu.

Nataka leo kuijadili kadhia ya mtumishi huyo, kwa sababu ni kadhia inayozungumzwa sana katika korido za hospitali lakini haiandikwi sana magazetini. Swali lenyewe ni hili: mtu aliyesomea kazi ya kuwatuliza na kuwaongoza wagonjwa, akapewa cheti na idhini ya kuifanya, kwa nini ashindwe kuihamisha kazi hiyo kutoka Homa Bay hadi Migori, mwendo usiofika hata nusu siku?

Yafaa kwanza tumtambue mtumishi mwenyewe. Daktari hupima na kuandika dawa, muuguzi hudunga sindano na kulaza. Lakini yuko anayekaa na msichana wa miaka kumi na sita aliyegundua ana mimba na virusi vya Ukimwi kwa siku moja. Anayemsaka mgonjwa aliyeacha kumeza dawa. Anayeamua kama mtoto aliyepigwa arudishwe nyumbani usiku huo au la. Huyo ndiye mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitalini, na pengine mwenzake mshauri nasaha. Katika eneo hili kazi yao si ya ziada. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kiwango cha maambukizi ya virusi vya Ukimwi miongoni mwa watu wazima wa Homa Bay kilikuwa asilimia 19.6, na Migori asilimia 13.0, ilhali kiwango cha nchi nzima kilikuwa asilimia 4.9. Dawa zimeokoa maisha ya maelfu, lakini dawa humezwa na mtu, na mtu huyo lazima kwanza ashawishike kwamba kuishi kunamfaa.

Turudi nyuma kidogo katika historia. Wakubwa wetu wanakumbuka kwamba Migori na Homa Bay zilikuwa zamani sehemu za wilaya moja, South Nyanza, ambayo makao yake makuu yalikuwa mjini Homa Bay. Hata wilaya hiyo ilipokuja kugawanywa, mtumishi wa afya aliendelea kuwa mtumishi wa wizara moja. Barua moja kutoka Nairobi ilitosha kumtoa Homa Bay na kumpeleka Migori akiwa na cheo chake, mshahara wake na hesabu ya miaka yake ya utumishi. Sisemi kwamba enzi hizo zilikuwa za neema. Barua hiyo hiyo ilitumiwa kumwadhibu aliyemkosea mkubwa, na wale waliokuwa na jamaa Nairobi walijua namna ya kuikwepa mbali, wakaziacha zahanati za Nyatike na Mfangano bila mtu. Ugatuzi ulikuja na dawa ya maradhi hayo, nami ni miongoni mwa wanaouunga mkono.

Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti 47 jukumu la kuendesha hospitali na vituo vya afya vya kaunti, na kuanzia mwaka 2013 watumishi wa afya waliokuwa wa wizara walikabidhiwa kwa serikali hizo mpya. Kila kaunti ikapata Bodi ya Utumishi wa Umma yake, orodha ya mishahara yake na bajeti yake. Kuanzia hapo kuhama kukawa na sura nyingine. Anayetaka kutoka kaunti moja kwenda nyingine sharti kaunti anayoiacha imwachilie, na ile anayoiendea impokee na iwe na nafasi iliyotengewa fedha. Moja ikikataa au ikinyamaza, jambo limekwisha. Ndiyo maana watumishi wengi huishia kumtafuta mwenzao wa cheo kama chao anayetaka kwenda upande wa pili ili wabadilishane, kama watu wanaotafutana sokoni wakiwa na bidhaa adimu. Asiyempata hujiuzulu na kuanza upya, akiyaacha nyuma madaraja aliyokwisha kuyapanda.

Hapa naomba msomaji aniruhusu kuingiza taaluma yangu ya isimu, kwani lugha yetu imeificha siri ya jambo hili ndani ya neno moja. Kiswahili kina kitenzi kuhama, na kina kitenzi kuhamisha. Katika kuhama, mtu huondoka mwenyewe kwa sababu zake: mke yuko Rongo, mama mzee amebaki peke yake Oyugis, mtoto amepata shule. Katika kuhamisha, yuko mwingine anayemwondoa. Sasa tazama neno linalotumika katika barua za serikali: ni uhamisho, lililozaliwa na kuhamisha. Uhamaji, lililozaliwa na kuhama, hulisikii ofisini. Limeachiwa wafugaji na ndege. Kwa maneno mengine, msamiati wa utawala wetu unamjua mtumishi anayesukumwa, na haujamjua bado mtumishi anayekwenda. Mfumo wa kuhamisha uliondoka pamoja na wizara, na mfumo wa kuhama haukujengwa mahali pake.

Wengine watasema kwamba tatizo ni leseni. Kwa muuguzi na kwa tabibu hilo si kweli. Leseni zao hutolewa na mabaraza ya kitaifa, na hufaa Migori kama zinavyofaa Mandera. Kinachokwama mpakani ni ajira, cheo na mafao. Kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hali ni ngumu zaidi. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliwaundia washauri nasaha na wanasaikolojia bodi ya kuwasajili. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii hakuandikiwa sheria hiyo. Fani yake ilikaa miaka mingi ikitegemea vyeti vya vyuo na vyama vya hiari, na kila mwajiri akawa na kipimo chake cha nani anafaa. Basi mtumishi huyu hubeba mizigo miwili: ajira isiyovuka mpaka, na taaluma ambayo uthibitisho wake hutegemea macho ya anayeutazama. Aliyehesabiwa kuwa afisa upande mmoja anaweza kuhesabiwa upande wa pili kuwa mtu wa kujitolea.

Mambo haya yalizidi kudhihirika mwaka 2025. Mwezi Januari mwaka huo serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake ya nje, watumishi wengi waliokuwa wakilipwa kupitia mashirika yaliyofadhiliwa na misaada hiyo, wakiwamo washauri wa wagonjwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi, walijikuta nyumbani. Watu hao walikuwa wamekusanya ujuzi wa miaka mingi. Lakini ujuzi uliopatikana katika mradi hauna daraja la kaunti, na mtu aliyewahudumia mamia ya wagonjwa kando ya ziwa hana karatasi itakayomwambia mwajiri mpya kwamba yeye ni nani. Maarifa yaliyogharimiwa kwa fedha nyingi yakatawanyika kama kapi.

Sasa tumtazame mgonjwa, kwa kuwa yeye ndiye sababu ya mjadala wote. Mgonjwa wa eneo hili haishi ndani ya ramani ya kaunti. Mvuvi aliyeanza msimu katika fuo za Mbita au Mfangano huenda akaumalizia Muhuru Bay, akifuata omena na dagaa wengine waendako. Kijana wa Ndhiwa huenda kuchimba dhahabu Macalder. Mwanamke anunuaye samaki huzunguka ufuo hata ufuo, na katika baadhi ya fuo hizo ule uhusiano uitwao jaboya, wa mvuvi kumpa samaki mwanamke kwa kubadilishana na mwili, umekuwa mlango mkubwa wa maambukizi. Watu hawa huvuka mpaka wa kaunti pamoja na maradhi yao, hofu yao na siri zao. Mtu pekee asiyevuka ni yule waliyemwamini siri hizo.

Na siri si kitu kinachohamishwa kwa faili. Faili itamwambia mhudumu mpya kwamba mgonjwa alianza dawa mwaka fulani na aliziacha mwezi fulani. Haitamwambia kwamba aliziacha kwa sababu mume alizikuta chini ya godoro. Jambo hilo lilisemwa mara moja, kwa sauti ya chini, kwa mtu mmoja.

Isitoshe, chombo cha kazi hii ni lugha yenyewe. Daktari wa upasuaji aweza kufanya kazi yake hata kama hajui neno moja la lugha ya mgonjwa aliyelala mbele yake, ingawa ingekuwa heri alijue. Mshauri nasaha hawezi. Katika Kijaluo, mzee anaweza kumweleza mhudumu kwamba mwanawe anakonda kwa sababu ya chira, yaani maradhi yanayoaminiwa kumpata aliyevunja mwiko. Na kijana huyo huyo akasema ana ayaki, neno ambalo watu wamelizoea kwa Ukimwi. Mhudumu asiyejua uzito wa chira ataandika kwamba familia inakana ugonjwa, atatoa hotuba kuhusu virusi, na familia itaondoka isirudi. Anayeujua atauliza ni mwiko gani, nani aliuvunja, na ni nani anayelaumiwa. Ndani ya majibu hayo atakuta mjane anayeshinikizwa kurithiwa, au ugomvi wa shamba, na hapo ndipo kazi yake itakapoanza. Ujuzi wa namna hii hutumika Homa Bay na hutumika vile vile Rongo, Awendo na Uriri. Kuuzuia mahali pamoja ni sawa na kumpa fundi nyundo ukamwambia asiitoe nje ya ua.

Tukisonga mbele hadi Kuria, upande wa kusini wa Kaunti ya Migori, mambo hubadilika. Hapo lugha ni Kikuria, na mpaka unaohusika ni wa mataifa mawili. Isebania ya Kenya na Sirare ya Tanzania ni miji iliyotenganishwa na geti, na Wakuria wa Kehancha na wale wa Tarime ni watu wamoja. Hapa ndipo tunapoona madhara makubwa zaidi ya mhudumu kusimama mpakani. Kenya ilipiga marufuku ukeketaji kwa sheria ya mwaka 2011, na sheria hiyo inamwadhibu pia anayempeleka msichana nje ya nchi ili akeketwe. Tanzania iliuharamisha ukeketaji wa walio chini ya miaka 18 kwa sheria ya mwaka 1998. Hata hivyo, likizo ya Desemba ikifika wasichana huvushwa, wengine kutoka huku kwenda kule na wengine kutoka kule kuja huku. Mwezi Aprili mwaka 2019 wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanzania, Ethiopia na Somalia walikutana Mombasa wakaahidi kushirikiana dhidi ya ukeketaji wa kuvuka mipaka. Ahadi hiyo ni njema. Lakini mhudumu wa Kehancha anayemfahamu msichana, mama yake na shangazi yake, akifika Sirare hana hadhi yoyote ya kitaaluma. Ni mgeni kama mgeni yeyote mwenye kitambulisho.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, iliziagiza nchi wanachama kutambuliana vyeti vya elimu na vya taaluma. Wahasibu na wasanifu majengo walifikia mapatano mwaka 2011, wahandisi mwaka 2012, na madaktari wa mifugo mwaka 2016. Nawapongeza wote. Lakini msomaji ataona kwamba katika safu hiyo ya mbele ng'ombe wa Kuria amefikiriwa kabla ya binti wa Kuria.

Tusidhani kwamba tatizo hili ni la Waafrika peke yao. Wakenya wenye jamaa Marekani wanajua kwamba huko leseni ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii hutolewa na kila jimbo. Aliyesajiliwa Texas akihamia Minnesota sharti aombe upya, apeleke nakala za vyeti, uthibitisho wa saa alizofanya kazi chini ya msimamizi na matokeo ya mtihani, kisha asubiri. Wauguzi wa huko walianza kulitatua jambo hilo mwaka 2000 kwa mkataba wa majimbo kutambuliana leseni. Wafanyakazi wa ustawi wa jamii wakafuata: Missouri lilikuwa jimbo la kwanza kuupitisha mkataba wao mwaka 2023, na mwaka 2024 idadi ya majimbo saba iliyohitajika ili mkataba uanze kufanya kazi ikatimia. Wizara ya ulinzi ya nchi hiyo iliunga mkono kuandikwa kwa mkataba huo, kwa kuwa wake na waume wa wanajeshi huhama kila mara na kupoteza kazi zao. Jambo la kujifunza ni kwamba hakuna jimbo lililonyang'anywa mamlaka yake. Kila moja linaendelea kutoza ada na kuadhibu wakosaji. Yamekubaliana tu kuaminiana.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni zito. Waziri wa afya wa kaunti ataniuliza: nikiufungua mlango, nani atabaki? Kaunti hulipa karo ya masomo, humlea mtumishi, kisha akikomaa huondoka kwenda mjini. Kaunti tajiri zitazinyonya maskini, na visiwa vya ziwani vitabaki bila mtu kama ilivyokuwa zamani. Hofu hiyo si ya kupuuzwa. Lakini mtumishi aliyezuiliwa hakai kwa sababu ya kuzuiliwa. Hukaa kwa mwili, moyo umekwisha kwenda, na wagonjwa hulitambua hilo mapema kuliko mkuu wake wa kazi. Au huondoka kabisa katika utumishi, na hapo kaunti zote mbili hukosa. Ni afadhali kuweka kipindi cha lazima cha utumishi kwa aliyesomeshwa, tuseme miaka mitatu, na kaunti inayompokea kabla ya muda huo iirudishie ile nyingine gharama ya masomo. Huo utakuwa ushindani wenye haki.

Isitoshe, msingi wa kisheria upo tayari. Katiba inasema kwamba serikali za ngazi mbili ni tofauti lakini zinategemeana, na inazitaka kaunti ziajiri kwa kufuata kanuni na viwango sawa vilivyowekwa na Bunge. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 ilianzisha baraza la kushauri kuhusu watumishi wa afya, na miongoni mwa mambo liliyopewa kuyashughulikia ni daftari kuu la wahudumu wote na uhamisho wa kutoka kaunti hadi kaunti. Tatizo limo katika kitenzi: baraza hilo hushauri. Ushauri usiposikizwa hauna viboko.

Napendekeza basi mambo manne. Kwanza, Migori na Homa Bay zisingoje nchi nzima. Zote zimo katika jumuiya ya kiuchumi ya kaunti za eneo la ziwa, na zinaweza kuandikiana mapatano ya kupokezana watumishi wa afya na wa ustawi wa jamii pamoja na vyeo, likizo na miaka yao ya utumishi, na kujibu kila ombi katika siku 60. Pili, Bunge lihakikishe kwamba mfanyakazi wa ustawi wa jamii anawekwa katika daftari la kitaifa lenye nguvu ya sheria, ili mgonjwa naye ajue pa kumshtaki mhudumu atakayeitoa siri yake. Tatu, daftari hilo liandike lugha ambazo kila mhudumu anazimudu. Nasisitiza lugha, si kabila. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuanzia kazi zijazwe na watu wasiotoka katika kabila lenye wengi, na ni sheria ya haki. Mkamba aliyejifunza Kijaluo vizuri anafaa Rongo kuliko Mjaluo anayewakemea wagonjwa. Nne, kaunti yetu ya mpakani iishawishi serikali ya kitaifa kupeleka Arusha ombi la mapatano ya kutambuliana kwa wafanyakazi wa ustawi wa jamii, kuanzia na wale wa Isebania na Sirare.

Hayo hayahitaji hospitali mpya wala mkopo kutoka nje. Yanahitaji karatasi chache na nia njema. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huo, ukiutafakari, unafaa kubandikwa katika mlango wa kila Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Unaamini kwamba anayefika kutoka mahali pengine huja na kitu tulichokikosa, na kwamba kumpokea ni kwa manufaa yetu kabla hakujawa kwa manufaa yake. Wagonjwa wetu wamekuwa wakivuka mipaka hii tangu zamani bila kuuliza mtu. Ni wajibu wa magavana wawili kukaa pamoja na kuhakikisha kwamba wakifika upande wa pili, watamkuta mtu aliyeruhusiwa kuwasikiliza.